Sema Kwanza: Maisha Yangu kwenye Kiti cha Kushoto

Walimu vijana walionirithi pale shule ya udereva Kitale wameniomba niwaandikie ninachokijua kabla sijakisahau. Nimewaambia ninachokijua ni kidogo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimaliza kwenye kiti cha kushoto, mguu juu ya breki ya mwalimu, nikiomba Mungu kimoyomoyo huku nikimtabasamia mwanafunzi. Ya vyeo sitayagusa kwa sababu hayakuwepo. Nitaandika yale ninayoyakumbuka, na mengi ninayoyakumbuka ni yale niliyokosea. Mtaona sababu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa sketi mpya na viatu vya kubana. Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwa trekta la baba yangu kule upande wa Endebess, na nilidhani mtu akishaweza trekta kwenye matope hakuna kinachobaki. Mwalimu mkuu wa shule wakati huo alikuwa Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mfupi, na mfuko wa koti lake haukukosa njugu karanga. Alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye Chebet?"

"Ndiyo, Mzee."

"Njoo tunywe chai."

Nilidhani tunaenda kukaribishana. Kumbe tulikaa kwenye baraza ya kibanda cha chai kinachotazama makutano ya barabara, na tukakaa hapo asubuhi nzima. Gari la kwanza kutokea lilikuwa lori lililojaa kabeji.

"Rori ire inaenda wapi?" akaniuliza. Ulimi wake ulikuwa wa Bungoma kabisa, kila 'l' ikitoka 'r', na hakuwahi kuuombea msamaha.

"Sijui, Mzee. Tungoje tuone."

"Hapana. Ukingoja uone, utakuwa umeona tu. Sema kwanza."

"Itanyoosha. Inaenda Eldoret."

Lori likakata kona kuelekea sokoni. Mzee Barasa akatia njugu mdomoni.

"Haya. Nipe mji."

Ninyi mliosoma shule zetu mnajua mchezo wa vitendawili: ukishindwa kutegua, unampa mwenzako mji, naye anaenda huko kwa maneno, anatembea, anakula, kisha anarudi na jibu. Nilikuwa sijaucheza tangu utotoni, na sikutarajia kuucheza nikiwa kazini na viatu vipya. Nikampa Kapenguria.

Akafumba macho. "Nimeenda Kapenguria, nimekura nyama ya mbuzi, nimerudi. Uriangaria magurudumu ya mbere? Yarigeuka kabra ya rori yenyewe kugeuka. Na kabeji saa hii haziendi Eldoret. Ni siku ya soko."

Tukaendelea. Pikipiki ile? Mama yule mwenye kikapu? Yule mzee wa baiskeli anayeangalia begani? Kila mara nilitakiwa kusema kabla, na kila mara niliulizwa, "Umeona nini?" Kufikia saa ya chakula nilikuwa nimegawa Eldoret, Webuye, Kimilili, Malaba, na hata Kisumu ambako sikuwa nimewahi kufika. Nikabaki na Kitale peke yake. Nilipotaka kuutoa, Mzee Barasa akainua mkono.

"Huo weka. Mtu hawezi kukosa mji wa kurudi. Siku ukiutoa huo, iwe umekutana na mtu anayeona barabara kukushinda."

Jioni nilipokuwa nikienda nyumbani nikagundua jambo la ajabu. Magari niliyoyakisia sawa sikulikumbuka hata moja. Niliyokosea niliyakumbuka yote, rangi, mzigo na kona. Hata leo ningeweza kuwachorea lile gari la mkate lililowasha taa ya kushoto likapinda kulia. Kama ningekaa pale nikitazama tu, ningerudi nyumbani na picha ya magari mengi na hakuna zaidi. Ile aibu ndogo ya kukosea ndiyo iliyopigilia somo msumari.

Darasani tulikuwa na ubao wa mji. Ninyi mnao mpya. Wetu ulikuwa meza ya mbao aliyoipaka rangi Mzee Barasa mwenyewe: barabara nyeusi, mistari myeupe, raundabauti katikati, kanisa, hospitali na posta. Mwanafunzi anasukuma kigari cha kuchezea huku akieleza anakoelekea na sheria anayoifuata, na bila kuumudu ubao huo hapati leseni. Ni chombo kizuri. Kasoro yake ni kwamba mji ule hauna boda boda, hauna mbuzi, hauna mlevi wa mchana, wala hakuna aliyeanika mahindi kando ya lami. Ni mji wa watu waliokwisha kuokoka.

Kwa hiyo Mzee Barasa alikuwa akimwaga punje juu yake. Mahindi ni boda boda, maharagwe ni watu. Anasogeza punje kidogo, anainua kidole, anamuuliza mwanafunzi, "Kabra sijasogeza tena, harage hiri rinaenda wapi?" Wanafunzi walicheka sana siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wakibishana juu ya haragwe moja kana kwamba ni jirani yao. Nami niliurithi mchezo huo, na ningeomba msiutupe. Panya tu ndio watakaowasumbua.

Lakini tahadhari. Kuna mtu atakayekisia kila kitu bila kutazama chochote, na huyo hajifunzi. Nilikuwa na kijana wa mtaa wa Kipsongo aliyejiita Kevo. Aliingia garini na "Niaje, madam," akashika usukani kwa mkono mmoja kama amezaliwa humo.

"Huyo anakata right," akasema.

"Umeona nini?"

"Si najua tu, madam."

"Kujua tu ni kubahatisha. Umeona nini?"

"Aki madam, unapenda maswali bana."

Nilimsumbua hivyo hivyo wiki nzima. Kisha asubuhi moja, tukiwa nyuma ya pikipiki, akaondoa mguu kwenye mafuta kabla sijasema neno. "Huyo wa boda anasimama hapo mbele. Cheki, abiria wake ameanza kutafuta pesa mfukoni." Pikipiki ikasimama. Mimi sikuwa nimeuona ule mkono mfukoni. Nikampa Mumias, akaniuliza huko kuna nini, nikamwambia atajua akifika.

Kazi hii nayo huwezi kuiacha garini. Inakufuata nyumbani. Majirani walidhani nina dawa ya mvua kwa vile nilianua nguo zangu mapema huku zao zikilowa. Hakukuwa na dawa. Jua la Kitale likichoma asubuhi na mlima ukajifunika mawingu kabla ya saa sita, anua. Binti yangu Cherop alipokuwa akifanya hesabu mezani, nilimzuia kalamu: "Kabla hujazidisha, jibu litakuwa karibu na ngapi?" Alichukia. Lakini jibu lake likienda mbali alijua mwenyewe kuna mahali pamepotea kitu, bila kungoja alama nyekundu ya mwalimu. Hata kanisani nilikisia. Mhubiri akisema "na mwisho kabisa," mimi hulegeza viatu, kwa sababu najua hapo ndipo tumefika katikati.

Miaka yangu ya mwisho nilihamishiwa tawi letu la Bungoma, na huko ndiko nilikokutana na Mama Nanjala. Yeye ndiye sababu ya kuandika haya yote, na yaliyotangulia myachukue kama chai ya kungojea chakula.

Mama Nanjala alikuwa mpishi wa shule moja ya sekondari ya wasichana, nje kidogo ya mji. Mwanamke mkubwa, sauti ya kwaya, mikono ya mtu aliyesonga ugali wa mamia. Alikuja na leso mbili, moja ya jasho na moja ya machozi, akaniambia hivyo mwenyewe.

"Mwarimu, mimi nimeshaanguka mtihani mara moja. Nikianguka tena, tumekwisha."

Mumewe, Baba Nanjala, alikuwa ameendesha pikapu maisha yake yote. Maziwa asubuhi, vitunguu siku ya soko, wagonjwa wa kijiji wakati wowote. Kisha ugonjwa wa sukari ukamla macho, polepole, mpaka giza likaingia lote. Pikapu ikasimama uani. Kikao cha familia kikakaa, na shemeji wa Mama Nanjala anayeishi Webuye akasema gari haliwezi kuozea hapo wakati yeye ana kazi nalo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Wakakubaliana: kama Krismasi itafika na hakuna mwenye leseni katika boma lile, pikapu iende Webuye.

Nikampeleka barabarani. Nilishangaa jinsi alivyokuwa mzuri. Klachi laini, gia hazilii, vioo anaviangalia. Nikajiuliza alianguka vipi. Nikaanza mchezo wangu.

"Mama, yule wa baiskeli mbele yetu atafanya nini?"

"Atakaa upande wake, kwa jina ra Yesu."

Mwenye baiskeli akakwepa shimo akaingia katikati ya barabara. Nikakanyaga breki yangu.

"Na lile trela la miwa?"

"Ritatupisha. Amina."

Halikutupisha. Nikakanyaga tena. Kwa siku kadhaa mguu wangu ulifanya kazi kuliko wake.

"Mama," nikamwambia, "mbona kwako kila mtu ni malaika?"

Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye niliye na shida. "Mwarimu, kinywa kinaumba. Nikisema huyo atavuka, si nimemwita? Pasta wetu arisema tukiri mema tu."

Ninyi mnaowafundisha watu wetu mtakutana na hili mara nyingi, na msilicheke, kwa sababu mtu anayesema hivyo ameshikilia kitu kilichombeba katika mambo mazito kuliko gari. Mimi mwenyewe nililelewa katika nyumba ambayo hatukutaja jina la ugonjwa mgonjwa akiwa chumbani. Nikaendelea kukanyaga breki yangu, na siku za mtihani zikakaribia.

Ndipo tukakutana na ndama. Ilikuwa barabara ya murram, isiyo na lami, mahindi marefu pande zote mbili. Ndama mweupe akatokea kushoto, akavuka. Mama Nanjala akapunguza mwendo vizuri kabisa, akamngoja, ndama akatokomea kulia. "Asante Yesu," akasema, akatia gia, akaondoka.

Mama yake ndama alikuwa bado ndani ya mahindi upande wa kushoto.

Nilikanyaga breki mpaka kiatu kikanitoka. Gari likazima. Ng'ombe akasimama mbele ya boneti akitutazama kama mwenye shamba anayetaka kujua tumefuata nini. Hakuna aliyeumia, ila Mama Nanjala alikuwa ameshatoa ile leso ya pili.

"Nitaanguka tena," akasema. "Wataichukua. Mwarimu, wewe hujui. Baba Nanjara kira asubuhi anaoga, anavaa koti, anashika ukuta porepore mpaka kwa pikapu. Anaingia, anakaa, anashika usukani. Gari imesimama tu. Anakaa hapo mpaka jua inakuwa kari. Mimi simwambii kitu. Sasa wakiichukua, atakaa wapi?"

Nami nililia, siwafichi. Tulikaa hapo wanawake wawili na ng'ombe. Na sijui ni kwa nini, labda kwa sababu nguo zake zilinukia moshi wa kuni, nikajikuta namuuliza kuhusu uji.

"Mama, uji wa wasichana wote wale unaupika ndani ya nini?"

Akafuta pua. "Ire sufuria kubwa. Ya kuni."

"Ukianza kupanda, unasema 'hautafurika, amina,' halafu unaenda kuchambua mboga?"

"Aa! Mwarimu! Si utazima moto wote!"

"Kwa hivyo unafanya nini?"

"Nasimama na mwiko. Navuta kuni inje kabra haijafika juu."

"Mbona? Huna imani?"

Alinigeukia. Kisha kicheko kikaanzia tumboni, kikapanda mabegani, akacheka mpaka akaegemea honi, na yule ng'ombe akaondoka kwa hasira.

"Haki ya Mungu," akasema alipopata pumzi. "Kwa hivyo nikisema atavuka, si kumwita. Ni kuvuta kuni."

"Ni kuvuta kuni, Mama."

"Na manabii si warikuwa wanaonya watu mapema, ndio wajipange?"

"Hilo umelisema wewe."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. "Huyo mama ameshika mtoto mkono mmoja, mkono mwingine uko wazi, kuna mtoto wa piri: vuta kuni. Huyo wa boda anaangaria simu: vuta kuni. Hao vijana wanasukumana, mmoja ataanguka huku: vuta kuni." Alikosea mara nyingi, na kila alipokosea nilimdai mji. Alinipa Kanduyi, akanipa Sirisia, akanipa Busia. Lakini alikuwa anacheka akinipa, na kosa lile halikurudi mara ya pili. Mguu wangu ukapumzika mpaka nikaanza kusinzia, jambo ambalo kwa kazi yetu ni sifa.

Siku ya mtihani ilifika, mwishoni mwa Novemba. Mzee Barasa alikuwa ametuachia desturi: kabla mwanafunzi hajaingia kwa mtahini, mwalimu wake anasema mbele ya mwenzake matokeo yatakuwa nini na kwa nini. Hatufanyi hivyo kuwavunja moyo wanafunzi, maana hawasikii. Tunafanya ili nasi tujifunze. Mwenzangu siku hiyo alikuwa Simiyu, kijana mtaratibu.

"Sema kwanza, Madam."

Nilisema kwa uchungu, lakini nilisema nilichoona. "Ubao atapita. Kwenye kilima ataanguka. Mtu akikaa kimya kando yake mguu wake wa kushoto hutetemeka. Ataachia klachi mapema, gari litarudi nyuma, kama mara ile."

Ubao akapita. Akaingia garini na mtahini, wakaondoka. Tukangoja. Wengine waliondoka baada yake wakarudi. Yeye hakurudi. Simiyu akajaribu utani kwamba labda wamevuka mpaka wa Malaba, nikamtazama akaacha. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumfariji, na kila nililolipanga lilikuwa bure nikifikiria lile koti la kila asubuhi.

Mwishowe gari likaonekana, polepole, nyuma ya trela la miwa. Mtahini akashuka, mtu ambaye hatukuwahi kuona meno yake, akiwa anafuta macho.

"Nani amefundisha huyu mama?"

Nikainua mkono kama mtoto anayengoja kiboko.

"Kutoka hapa mpaka huko amenitangazia barabara kama mpira kwa redio. 'Huyu atavuka, vuta kuni. Yule atasimama, vuta kuni.' Nikamuuliza kuni gani, akaniambia ningoje nitaona. Amekataa kupita trela mahali pa kona, tumekaa nyuma yake kama msafara wa harusi."

"Na kilima?" nikauliza.

"Kabla hatujafika akaniambia, 'Mtahini, hapa mguu wangu utatetemeka na gari itataka kurudi nyuma, kwa hivyo wacha nishike hendibreki mapema.' Akashika. Mguu ukatetemeka. Gari halikuenda popote." Akatikisa kichwa. "Amepita."

Hilo, vijana wangu, mimi sikuwa nimemfundisha. Nilimfundisha kuwakisia ng'ombe na baiskeli. Kujikisia mwenyewe alijifundisha.

Mama Nanjala akaja mbio kadiri mwili wake ulivyoruhusu, akanikumbatia mpaka nikakosa hewa. Simiyu, msaliti, akamwambia nilichokuwa nimesema. Akaniachia, akaweka mikono kiunoni.

"Ati nitaanguka kirimani? Mwarimu, nipe mji."

"Nakupa Webuye."

"Webuye sitaki. Kuko shemeji."

"Basi Chwele."

"Nataka Kitare."

"Kitale sitoi, Mama. Huo ni wa nyumbani."

Akafikiri kidogo. "Hata Chwere ni sawa. Kuko soko nzuri ya vitunguu." Na Krismasi ilipofika, shemeji alikuja Bungoma akala kuku, akapandishwa hiyo pikapu, akarudishwa hadi stendi na mwenye leseni.

Nimestaafu Agosti hii. Wenzangu walipanga karamu ndogo kule Kitale, na Mama Nanjala akapiga simu kusema nisijisumbue na usafiri. Asubuhi ikafika pikapu, imeoshwa hadi matairi. Akashuka mwanamume mrefu, miwani myeusi, koti lililopigwa pasi. Akanyoosha mkono mahali nilipokuwa nimesimama, bila kukosea.

"Mwarimu, mimi ni Baba Nanjara. Karibu kwa gari. Wewe utakaa katikati, kiti cha dirisha ni changu."

Kiti cha dirisha ndicho kiti cha kushoto. Nikapanda katikati bila kubisha, ingawa mguu wangu ulitafuta breki ukaikosa.

Tukaondoka. Na hapo nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekikisia hata kidogo.

"Mtoto wa shure, mkono wa kushoto, anaangaria ng'ambo," Mama Nanjala akasema.

"Kuna mwingine ng'ambo?" akauliza mumewe.

"Kuna."

"Basi atavuka."

"Amevuka."

"Nipe mji."

"Chukua Soroti. Punda mbere, na mkokoteni. Mwenye punda yuko nyuma yake."

"Punda atasimama kwa daraja, anaogopa maji. Mimi namjua huyo punda."

Punda akasimama kwenye daraja. Nikageuza shingo huku na huku kama mtu anayetazama mchezo wa mpira wa meza. Mama Nanjala akaniambia kwa upande wa mdomo kwamba miji ya Kenya ilikwisha zamani, sasa analipa kwa ile ya Uganda.

"Siku ya kwanza na reseni nirikuwa nimezoea tu kusema," akaniambia. "Nikasema ya mtihani, huyu atavuka, huyu atasimama. Nikamsikia anajibu. Sasa siku nikinyamaza kidogo, ananiuriza, 'Mama Nanjara, mbona umezima taa?'"

Baba Nanjala akatabasamu upande wa dirisha. Miaka yote niliwaambia watu waseme kwanza ili wajifunze, ili wasigonge, ili wapite. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu anaweza kusema barabara kwa sauti na mwingine akaishi humo.

Tulipokaribia Kiminini tulikuwa nyuma ya lori. Baba Nanjala akainua kidevu.

"Mwarimu, nasikia injini kubwa mbere yetu. Hiyo rori itafanya nini? Sema kwanza."

Nilitazama kama mtu aliyelipwa maisha yake yote kwa kutazama. Magurudumu ya mbele yamenyooka. Taa haziwaki. Hakuna tuta, hakuna mtu kando, mwendo ni ule ule.

"Inanyoosha hadi Kitale," nikasema.

Akafungua dirisha kidogo. "Itasimama."

"Umeona nini?" Neno likanitoka kwa mazoea, nikajiuma ulimi.

Akacheka, hakukasirika hata kidogo. "Nimeona mahindi choma."

Ndipo harufu ikanifikia na mimi. "Vuta kuni," Mama Nanjala akasema, na mguu wake ulikuwa umeshafika kwenye breki. Lori likasimama palepale bila taa, mlango ukafunguka, na dereva akanyoosha mkono kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya jiko lake, akichagua hindi lenye punje nene.

"Mwarimu," akasema Baba Nanjala, "nipe mji."

Mzee Barasa hayupo tena kuulizwa. Lakini nilimsikia wazi, na njugu zake mdomoni, akiniambia ule wa nyumbani niuweke mpaka nikutane na mtu anayeona barabara kunishinda.

"Nakupa Kitale," nikasema.

Mama Nanjala akanigeukia haraka, kisha akarudisha macho barabarani. Baba Nanjala akavua miwani, akaifuta kwa kona ya koti, akaivaa tena.

"Nimeenda Kitare," akasema. "Nimetembea, nimeiona yote, nimerudi."

Lori likaondoka. Mama Nanjala akatia gia, akaanza kutuambia kilichoko mbele.